Gazi nyumbani: jaribu kwa sabuni, si kwa kiberiti

Baba na mama, mkiacha mbabula ya makala na kununua resho ya gazi, mjue hivi: gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini, inatambaa penye sakafu, pale watoto wanapolala. Chupa isimame wima, mbali na moto, wala isitiwe ndani ya shimo. Tuyo ifungwe kwa kole ya chuma pande zote mbili, kamba haitoshi. Kisha pakaa maji ya sabuni penye viungo. Povu likivimba, funga robine. Wengine wanajaribu kwa kiberiti, kama kwamba nyumba si yao! Ukisikia harufu usiku, usiguse taa: funga chupa, fungua milango, toa watoto inje.