Gari Linalokimbia Kiganjani

Mwaka 1999 ulitoka mchezo uitwao Driver, wa kuchezwa kwa mashine ya PlayStation iliyounganishwa na televisheni. Mchezaji huwa askari kanzu aliyejipenyeza katika genge la wahalifu, akiendesha gari kwa kasi huku polisi wakimfukuza katika miji ya Marekani kama Miami na New York. Mwaka 2000 mchezo huo uliletwa kwenye Game Boy Color, mashine ya kushika mkononi yenye kutumia betri mbili. Humo gari linatazamwa kutoka juu, kama mwewe anavyowaona vifaranga, na kona hutokea ghafla ukingoni mwa kioo. Mtoto hathubutu kupepesa macho.

Kutopepesa huko ndiko hukausha macho, yakawasha na kuwa mekundu. Tena kioo cha mashine ile hakikuwa na mwanga wake. Aliyecheza usiku ilimbidi ainamie taa. Siku hizi watoto wa huku kwetu Kishanda huchezea magari kwenye simu ya baba au ya shangazi. Simu inawaka yenyewe, lakini shingo ni ileile iliyopinda. Kila baada ya dakika 20 mtoto ainue kichwa atazame mbali. Hata migomba ya jirani inatosha.

Jambo zito zaidi ni kifafa. Katika kila watu 100 wenye ugonjwa huo, kama 3 hivi hushikwa kwa sababu ya mwanga unaomweka-mweka. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mimweko ya rangi nyekundu na buluu katika televisheni. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali. Kusema kweli, kioo kidogo cha mkononi kina hatari pungufu kuliko televisheni iliyokaribiwa, kwa kuwa hakilijazi jicho. Ila mtoto anayekesha na mchezo anakosa usingizi, na kukosa usingizi nako huamsha kifafa kwa mwenye nacho. Akihisi mkono unashtuka-shtuka anapocheza, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeukia pembeni. Kufumba yote mawili hakusaidii, maana mwanga hupenya kope.

Akianguka, wazazi, msimkimbie. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu, na hofu hiyo imewafanya watu wawaache wagonjwa waungue motoni huku wakitazama! Mwondoe penye moto, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, wala usimtie kijiko mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, mpeleke hospitali upesi. Walio Muleba wanazo Rubya, Kagondo na Ndolage. Dawa alizoandikiwa asiziache ghafla, hata akikaa miezi mingi bila kuanguka. Mganga ndiye anayezipunguza, kidogo kidogo.