Fimbo Mkononi mwa Mwenyewe
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza habari za vikope, ambavyo madaktari huviita trakoma, maradhi yaliyozoeleka tangu zamani katika nchi ya Ugogo na pande za Singida, yaambukizwayo kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi, yakamrudia mtoto mara baada ya mara hata kope zikajikunja kwa ndani, zikawa zinalikwaruza jicho kila lipepesapo, mpaka likaingia utando. Leo tiba twawaachia wenyewe waganga, tumtazame yule ambaye nuru yake imekwisha kwenda na haitarajiwi kurudi, tuulize ni dhima gani iliyobaki juu yake, na ni ipi iliyo juu yetu.

Tutazame mfano wa Kilimatinde, ambao, kwa asiyepajua, ni mji mkongwe katika wilaya ya Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo Wadachi walijenga boma lao kwenye njia ya misafara ya kwenda Tabora, na ambapo leo ipo hospitali ya Mtakatifu Yohana ya Kanisa la Anglikana. Mgeni akiuona mteremko ule hudhani kwamba asiyeona hana budi kukaa ndani. Lakini mwenyeji huzijua njia zake kwa nyayo: changarawe humwarifu kwamba amefika barabarani, majivu laini kwamba yu karibu na jalala la jirani, na jua la asubuhi limpigapo shavu la kulia hujua kwamba aelekea kaskazini. Fimbo yake ni kidole kirefu tu. Wampotezao ni sisi, tuachao ndoo mlangoni na kuegemeza baiskeli mahali ambapo jana palikuwa wazi; na zaidi yetu ni yule ndugu mwema amkamataye mkono kwa ghafula, akamvuta kama mbuzi apelekwaye mnadani. Adabu ni kumtolea mkono wako, akushike juu ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua; hapo mwili wako utamwambia penye ngazi na penye shimo kabla hujafumbua kinywa.

Nimeyataja hayo kwa kuwa huruma yetu, pamoja na wingi wake, ina kasoro. Katika nyumba nyingi asiyeona huketishwa mkekani, akaletewa chakula, akaletewa maji ya kunawa, akaletewa na habari za mjini, hatumwi, hashauriwi, na akikosea husemwa, "Mwacheni, maskini." Mimi naona huko kutokaripiwa ndiko kubaya kupita yote, maana mtu asiyelaumiwa kwa lolote amekwisha kuhesabiwa pamoja na vyombo vya nyumba.

Masheikh wametuhadithia juu ya Ibn Umm Maktum, sahaba aliyekuwa haoni, aliyemwendea Mtume kutaka ruhusa ya kusali nyumbani kwake, kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza msikitini. Akaulizwa kama aisikia adhana. Alipokiri kwamba aisikia, akaambiwa aiitikie. Mwenye moyo laini huenda akaona jibu hilo ni zito. Basi na akumbuke kwamba ni huyo huyo aliyekuwa akiadhini pamoja na Bilal, na ni huyo huyo aliyeachiwa mji wa Madina auangalie Mtume alipotoka safarini. Aliyenyimwa udhuru ndiye aliyepewa amana.

Tukija kwenye elimu, mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua huko Buigiri, mashariki ya Dodoma, shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika. Maandishi yasomwayo humo ni nukta nundu, nukta sita alizozipanga Mfaransa Louis Braille, ambaye alipofuka utotoni kwa kujichoma na chombo cha kazi cha baba yake aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi, akaitangaza hati yake mwaka 1829. Lipo jambo moja linalonipendeza mno: mwenye kuandika kwa kibao huidunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyofundishwa sisi chuoni kuandika Kiarabu, kisha huigeuza, akaisoma kutoka kushoto. Kwa hati hiyo mtu huandika mwenyewe deni analomdai jirani, na akipelekewa barua iliyoandikwa kwa nukta hizo huisoma kwa vidole vyake. Kabla yake barua yoyote ya asiyeona ilikuwa lazima ipite kwanza kinywani mwa mtu mwingine, na siri ikaisha hapo hapo.

Nao waliokua na Radio Tanzania hawajazisahau ngoma zilizoitangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa haoni, naye alizipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, peke yake. Sidhani kama alikuwapo mtu aliyefungua redio ili amhurumie.

Juma lijalo, inshallah, tutaieleza Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hata hapo, msomaji mwenye ndugu asiyeona nyumbani kwake na amtume dukani leo hii, ampe fedha mkononi mwake, na akirudi amdai chenji.