Harufu ya rangi kwa keja? Hivi ndivyo utaitoa bila kujiweka hatarini

Umelipa kodi, umepewa ufunguo, lakini kuta zimejaa mashimo ya misumari na mafuta ya chapo za aliyehama. Unanunua mkebe wa rangi, beshte anakuja kusaidia, na kufikia jioni keja inang'aa. Ngori inaanza ukifunga mlango ulale. Macho yanawasha, koo limekauka, kichwa kinagonga.

Hiyo si harufu tu, msee. Rangi ikikauka, kemikali zilizoifanya iwe laini hugeuka mvuke na kujaa chumbani. Ukiuvuta kwa wingi unaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoi mdogo, mama mjamzito na mtu mwenye pumu ndio huumia haraka, kwa hivyo hao watafutie pa kulala kwingine.

Ndiyo maana udi na pafyumu havisaidii. Vinaficha harufu, lakini mvuke bado uko pale pale.

Kazi inaanza ukiwa dukani. Rangi ya maji hukauka ukiigusa baada ya saa moja ama mbili, na kwa kawaida harufu yake hupungua kwa siku chache. Rangi ya mafuta huchanganywa na tarpentaini ama thina, huhitaji usiku mzima kukauka, na harufu yake inaweza kukaa hata wiki. Kwa hivyo kuta paka ya maji, ile ya mafuta iache kwa mlango na fremu za dirisha. Ukiona mkebe umeandikwa Low VOC, hiyo ndiyo ya mvuke kidogo.

Ukishapaka, fanya hivi:

1. Ipe hewa njia mbili. Dirisha pekee halitoshi, fungua na mlango ili hewa iingie huku na kutokea kule. Kama una feni, iweke dirishani ikiangalia nje, isukume hewa mbaya itoke. Kwa zile singo za Pipeline ambazo dirisha linaangalia korido, hii ndiyo itakuokoa.

2. Toa nguo, mapazia, blanketi na godoro kabla ya kupaka. Vitambaa hunywa harufu halafu vinairudisha polepole, hata ukuta ukiwa umekauka.

3. Mkebe uliobaki ufunge kabisa. Brashi na matambara yenye thina yasilale ndani. Wasee wengi hupambana na ukuta kumbe harufu inatoka chini ya kitanda.

4. Panga siku. Anza asubuhi ya siku yenye jua, usiku ukadozi kwa beshte. Msimu wa mvua, ama ile baridi ya Julai, rangi hukauka polepole na harufu hukaa zaidi.

Na kile kitunguu kilichokatwa? Bakuli la maji je? Usitarajie makubwa. Makaa ambayo hayajawashwa, ukiyaweka kwa beseni, yanaweza kunyonya harufu kidogo kwa sababu yana vitundu vingi. Lakini hayo ni ya kusaidia tu. Hewa safi ndiyo hufanya kazi.

Sasa hapa skiza vizuri. Kuna wasee huwasha jiko la makaa ndani, wakafunga dirisha, eti rangi ikauke haraka. Usijaribu. Makaa yakiwaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inakulegeza, unalala, na unaweza kukosa kuamka. Tena mvuke wa thina hushika moto, kwa hivyo usiwashe jiko, mshumaa wala sigara hapo ndani hadi hewa isafike.

Utajuaje keja iko fiti kulala? Usiamini pua iliyoshinda humo ndani mchana kutwa, hiyo imeshazoea. Funga mlango na dirisha, toka nje uzunguke mtaa kwa saa moja, kisha urudi. Harufu ikikupiga ukifungua tu mlango, bado. Acha wazi siku nyingine, ulale kwa beshte tena. Mwahidi chapo ukishahamia.