Ramani ya mafuriko kwenye bonde la Sebeya

Ramani ya hatari ya mafuriko huonyesha mahali maji ya mto yanapoweza kufika, kina chake, kasi yake, na uwezekano wa jambo hilo kutokea katika mwaka wowote. Uzito wa mambo hayo hubadilika kutoka mto mmoja hadi mwingine. Kwenye nchi tambarare, kama Rufiji au Tana ya chini, maji hupanda polepole na watu huweza kupata muda wa kuhama. Huko kina ndicho kinachoangaliwa kwanza. Kwenye mto mfupi wa milimani uliobanwa na miteremko mikali, kinachoua ni kasi. Sebeya, unaoshuka kuingia Ziwa Kivu upande wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, ni wa kundi hilo la pili.

Mto huu huanzia nyanda za juu za Gishwati na kupita Kanama, Nyundo na Rugerero hadi ziwani, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 360, na linagusa wilaya nne: Rubavu, Rutsiro, Ngororero na Nyabihu. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000 za maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha bonde zima, yanapatikana maji ya mita za ujazo milioni 18. Hata ardhi ikifyonza nusu yake, milioni 9 zinabaki kupita kwenye mkondo mmoja. Ni kiasi gani hasa kitafyonzwa? Hilo hutegemea kilichopo juu ya udongo, na Gishwati ilipoteza sehemu kubwa ya msitu wake kwa malisho, mashamba na makazi kabla ya juhudi za kuurudisha na kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ulivunja kingo zake watu wengi wakiwa wamelala. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Siku iliyofuata, ng'ambo ya ziwa hilohilo, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, Kongo, vilisombwa na maji na matope, na waliokufa walizidi 400. Mito ya pande zote mbili za Kivu ni ya aina moja: mifupi, yenye mteremko mkali, na watu wamejenga mpaka mdomoni mwake.

Kazi ya kuchora ramani huanza na umbo la ardhi. Rwanda ilipigwa picha za angani mwaka 2008 na 2009, na kutokana nazo ikapatikana taswira ya miinuko yenye vipimo vya kila mita 10. Data za bure za setilaiti kwa kawaida hutoa kipimo kimoja kwa kila mita 30, yaani mraba wa mita za mraba 900 huhesabiwa kuwa na kimo kimoja. Ndani ya mraba huo hupotea ukuta wa shule, tuta la barabara, hata mto wenyewe. Kwa sababu hiyo mpimaji hushuka mtoni na vifaa vyake akapima sehemu za mkondo kwa mkato, kutoka ukingo hadi ukingo, hasa penye madaraja. Daraja jembamba likizibwa na magogo na migomba hugeuka bwawa kwa dakika chache, na maji hutafuta njia kupitia nyumba za jirani.

Hatua ya pili ni kukadiria wingi wa maji. Kumbukumbu za mvua na za vipimo vya mto hutumika kupata kile kinachoitwa mafuriko ya miaka 100. Jina hili limepotosha wengi. Maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Yanaweza kutokea miaka miwili mfululizo. Nyumba itakayokaa miaka 30 ndani ya mstari wa mafuriko hayo ina uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kufikiwa na maji hayo angalau mara moja. Kumbukumbu zikiwa za miaka michache, makadirio huwa legelege, na mchoraji mwaminifu huonyesha ukanda wa mashaka badala ya mstari mmoja mwembamba.

Kisha kompyuta hupitisha maji hayo juu ya umbo la ardhi, na matokeo hulinganishwa na alama zilizoachwa na mafuriko ya kweli: mstari wa tope ukutani, takataka zilizonasa juu ya uzio, ushuhuda wa wakazi. Alama ya tope kwenye ukuta wa nyumba moja, ikipimwa vizuri, huweza kusahihisha hesabu ya wiki nzima. Mwisho kina huzidishwa kwa kasi ili kupata viwango vya hatari, kwa kuwa maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, ilhali maji ya kiunoni yaliyotulia huweza kuvukwa.

Bonde jembamba lina hila nyingine: mvua inayoua si lazima inyeshe pale watu walipo. Katika korongo la Hell's Gate, Kenya, watu saba walifariki Septemba 2019 baada ya maji kushuka ghafla kutoka juu. Makorongo yanayoshuka kutoka volkano za Virunga, kama Rwebeya na Susa huko Musanze, huwa hayana maji ya maana mpaka mvua kubwa inyeshe mlimani. Kwa hiyo, katika mitaa ya Gisenyi iliyo kati ya vilima na ziwa, kama Nengo, mfereji wa maji ya mvua unastahili kuchorwa kwa uangalifu uleule wa mto.

Sebeya pia hubeba udongo mwingi wa mashamba na machimbo ya juu, kiasi kwamba kituo cha kusafisha maji cha Gihira kimekuwa kikisumbuliwa na tope lake. Udongo huo ukituama, sakafu ya mto huinuka na maji yaleyale hufika mbali zaidi. Ramani ya hapa huzeeka haraka.

Mstari wa mafuriko usichanganywe na hifadhi ya ukingo. Kanuni za Rwanda za mwaka 2010 zilitenga mita 50 kando ya maziwa na mita 10 kando ya mito mikubwa, umbali usiobadilika hata bonde likipanuka, wakati mafuriko hufuata umbo la ardhi. Mwenye kununua kiwanja kando ya Sebeya na aulize mistari yote miwili, kisha aulize ramani ilichorwa kabla au baada ya Mei 2023.