Kalamu ya Mtumishi wa Serkali

Wakristu wanaofanya kazi ya serkali hapa Bunia hutuuliza: mkubwa akiamuru jambo baya, mtu mdogo aweza kufanya nini? Tujibu kwa mfano wa mwamuzi mmoja wa Udachi (Ujerumani), wakati wa Hitler.

Jina lake Lothar Kreyssig, Mprotestanti. Katika mji wa Brandenburg, tribinali yake ilikuwa na kazi ya kuwalinda watu wasioweza kujitunza, ndio hasa wagonjwa wa akili. Mwaka 1940 habari za vifo vyao zilizidi kumfikia. Akafahamu kwamba serkali inawaua kwa siri. Hakushika silaha. Alifanya kazi yake tu. Alimwandikia waziri wa sheria. Alikataza hospitali zisiwahamishe wagonjwa wake bila ruhusa yake. Alimshtaki Bouhler, mmoja wa wakubwa wa mambo hayo, kwa kosa la kuua. Waziri akamwonyesha barua ya Hitler. Kreyssig hakukubali kuondoa makatazo yake kwa ajili ya barua ile. Mwaka 1942 aliondolewa kazini. Hakuuawa, alifariki mwaka 1986.

Peke yake hakuweza kuzuia mauaji. Watu zaidi ya 70.000 walikwisha kuuawa hata Agosti 1941, mwezi ule Askofu von Galen alipohubiri waziwazi kule Münster juu ya ubaya huo. Lakini kazi ile ilihitaji sahihi za watumishi wengi, na sahihi ya Kreyssig haikupatikana.

Na kwetu? Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa OCC kule Goma. Alikataa rushwa, asipitishe vyakula vilivyoharibika. Julai 2007 aliuawa, mwenye miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kule Roma, tarehe 15 Juni 2025.

Wawili hao walishika tu sheria ya kazi yao, iliyowekwa ili kulinda wanyonge. Basi, makatekista, mkifundisha amri ya tano, msitaje kisu na bunduki tu. Tajeni kalamu na muhuri pia. Mtu wa duane kule Mahagi ajiulize: sahihi yangu ya leo inamlinda nani, inamwumiza nani?

Nasi mapadri, tusimsifu yule anayekataa, kisha tukamwacha. Siku atakapofukuzwa, watoto wake watahitaji chakula, na nyumba ya kwanza kuwafungulia mlango iwe ya parokia yake.