Chuma Kinapopoa: Sanaa ya Kusubu Kifaa cha Gari la Kale

Watu wengi wakienda kutazama kazi ya kusubu chuma hustaajabia moto: tanuri lingurumalo, cheche zirukazo, na uji mwekundu umiminwao kalibuni huku kila mtu akirudi nyuma hatua moja. Walakini fundi aliyezeeka katika sanaa hiyo huuhesabu moto kuwa sehemu nyepesi ya kazi yake, kwa maana kuyeyusha chuma kwataka makaa na upepo wa kutosha tu, ilhali kukirudisha katika ugumu wake bila ufa, bila tundu, na kwa kipimo kile kile kilichokusudiwa, kwataka hesabu iliyofanywa kabla tanuri halijawashwa. Jambo hili hudhihirika zaidi pale mwenye gari la kale anapohitaji kifaa ambacho hakuna duka liuzalo tena.

Na tuchukue mfano wa Ford Model T, gari lililoundwa Marekani tangu 1908 hata 1927 na kutoka viwandani kwa idadi ipitayo milioni 15. Silinda zake nne zilisubiwa pamoja katika kipande kimoja cha chuma, zama ambapo waundaji wengi walisubu silinda moja moja au mbili mbili, kisha wakazifunga pamoja. Miongoni mwa watu wa kiwanda hicho alikuwapo Charles Sorensen, mzaliwa wa Denmark, aliyeingia kwa Henry Ford mwaka 1905 akiwa mtengenezaji wa vigezo vya mbao, yaani mifano ya vifaa igandamizwayo mchangani ili iache umbo lake. Bwana Ford hakuwa hodari wa kusoma michoro, basi Sorensen alimchongea mawazo yake katika mbao ili ayaone na kuyashika. Na kwa jinsi alivyopenda kuweka kifaa cha kusubiwa mahali pa kile cha kufuliwa, akabandikwa jina la utani la Charlie wa Chuma cha Kusubu.

Vifaa vya magari ya zama hizo hufa kwa njia mbalimbali. Manifoldi ya ekzosi, yaani bomba lenye matawi lipokealo moshi wa silinda zote, huchemka na kupoa maelfu ya mara, mpaka likapinda, ncha zake zikashuka, na moshi ukapenya kwenye maungio. Vifaa vingine huoza kwa ndani. Kabureta na vitasa vingi vya miaka ya 1920 na 1930 vilifanywa kwa mchanganyiko wa zinki, na palipokuwa na chembe ya risasi katika zinki hiyo, unyevu wa hewa uliingia kidogo kidogo katikati ya punje za madini, hata kifaa kikavimba, kikapasuka na kumomonyoka mkononi ijapokuwa kilikuwa kimewekwa tu kabatini. Maradhi hayo yalipungua baada ya 1929, kampuni ya New Jersey Zinc ilipotoa Zamak, mchanganyiko uliofanywa kwa zinki safi mno; lakini kifaa kilichokwisha kuugua hakina dawa ila kusubiwa kingine.

Hapo ndipo wengi hudhani kwamba yatosha kukigandamiza kifaa cha kale mchangani, kukiondoa, na kumimina chuma katika alama yake. Lakini madini yakipoa husinyaa: chuma cha kijivu hupungua takriban thumni moja ya inchi kwa kila futi, na alumini hupungua zaidi, kiasi cha asilimia 1.3. Basi manifoldi yenye urefu wa futi moja na nusu, ikisubiwa katika alama ya ile ya kale, itatoka fupi kwa 3/16 ya inchi, na tundu la kwanza likiwa limeingia sawasawa katika stadi yake, yaani parafujo iliyosimama kwenye injini, la mwisho litakuwa limeikosa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vigezo hutumia rula ya namna ya peke yake, ambayo inchi zake zimerefushwa kwa kadiri ya kusinyaa kwa madini yakusudiwayo, ili fundi apime kama ilivyo ada na nyongeza ijitie yenyewe. Juu ya hayo huongeza unene kila mahali patakaponyolewa kwa tupa au kwa kerezo, na kuzipa pande za kigezo mteremko mdogo ili kitoke mchangani bila kubomoa kingo.

Mchanga nao una elimu yake. Ni mchanga wa silika uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji machache, na fundi huujaribu kwa kuufumbata: ukizishika alama za vidole, kisha ukavunjika vipande viwili safi kama mkate mkavu, umefaa; ukikilowesha kiganja, maji yamezidi, nayo yakikutana na uji wa moto hugeuka mvuke ghafla na kuurusha nje. Tena, kwa kuwa manifoldi ina uwazi ndani, hapana budi pawekwe katikati ya kalibu kiini cha mchanga chenye umbo la uwazi huo, kilichokandwa kwa mafuta ya kitani na kuokwa mpaka kikawa kigumu. Kiini hicho chapaswa kustahimili uzito wa chuma kiingiapo, kisha, mafuta yake yakiisha kuungua, kilegee chuma kisinyaapo kukizunguka, na mwishowe kipukutike na kumwagwa. Kikikataa kulegea, chuma chenyewe ndicho kitakachopasuka.

Ama kuhusu madini, alumini ina urahisi wake: huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, mafundi wa jua kali wa Nairobi huisubu kuwa sufuria, na pistoni kuukuu ni malighafi njema, kwa kuwa silikoni iliyomo huufanya uji utiririke hata katika pembe nyembamba. Lakini ina hila pia. Ikiwa majimaji hunywa hidrojeni kutokana na unyevu, na ikiganda haiwezi kuishika yote, hivyo gesi hiyo hubaki ndani kama vitundu visivyoonekana, mpaka siku maji ya rejeta yaanzapo kupenya ukutani mithili ya jasho. Isitoshe, haifai kwa manifoldi ya ekzosi, ambayo moshi wake waweza kulifikia na kulipita joto la kuyeyusha alumini. Hapo chatakiwa chuma cha kijivu, kinachoyeyuka karibu na nyuzi 1,150 na kumiminwa kikiwa na joto zaidi ya hilo.

Uji ukiisha kujaa kalibu, ndipo kazi yenyewe huanza, ingawa hakuna tena anayegusa kitu. Sehemu nyembamba huganda kwanza, na katika kusinyaa hunyonya uji kutoka sehemu nene. Sehemu nene ikikosa pa kunyonya, hubaki na pango tumboni mwake. Kwa hiyo fundi huichimbia kalibu kisima cha akiba, kinene kuliko kifaa chenyewe, kigande mwisho wa yote, na pango likawe humo, kisha kikatwe na kurudishwa tanurini. Chuma cha kijivu ni karimu kuliko alumini, kwani kaboni yake hujitenga ikawa vipande vya grafiti vijazavyo nafasi, na hivyo hulipa sehemu ya upungufu. Ukarimu huo, hata hivyo, una sharti la kupoa polepole: ukuta mwembamba ukipozwa kwa haraka, kaboni hufungamana na chuma, kikatokea chuma cheupe, kigumu hata tupa huteleza juu yake, na chepesi kuvunjika. Ndiyo maana kalibu haifunguliwi kwa pupa.

Kifaa kikitolewa hukatwa mifereji iliyoupitisha uji kalibuni, hutiwa tupa, na kupimwa. Jaribio la kale la kutafuta ufa ni kupaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, na kungoja. Palipo na ufa, japo mwembamba kama unywele, mafuta hupenya na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chokaa.

Siku hizi ziko mashine zinazopima kifaa cha kale kwa mwanga na kuijenga kalibu ya mchanga tabaka kwa tabaka bila kigezo cha mbao, na programu za kompyuta zinazobashiri mwendo wa joto. Hata hivyo mashine hizo hazikuifuta hesabu ya wazee, maana nazo hazina budi kuambiwa madini yatasinyaa kiasi gani na kisima kikae wapi. Basi mwenye gari la kale atakaye kumjua fundi wake asimwulize tanuri lake lina moto kiasi gani, bali amwulize chuma kitaganda wapi mwisho, na kwa nini hapo; akijibiwa bila kusita, na ampe kazi.