Pambo Lifaalo na Pambo Likaalo Bure



Kila ukaribiapo mwezi wa Shaabani, ambao watu wetu hupenda kuozana na kutengeneza majumba yao kabla ya Ramadhani, hutufikia suala moja kwa maneno mengi: Ni kitu gani kinachofaa kununuliwa kwa kupambia nyumba, na ni kipi kiachwe? Mmoja huuliza juu ya taa, mwingine juu ya vyombo vya chakula, na mwingine juu ya mapambo ya kazi ya mikono. Basi tumeona ni vyema tusijibu kwa kukaa kitini. Tulitoka, tukapita Mji Mkongwe kutoka Darajani kwa njia ya Mkunazini na Hurumzi hata Malindi, kisha tukaenda mashamba, ili tuyaseme tuliyoyaona kwa macho yetu.

Tuliyoyaona yametufurahisha na yametusikitisha pamoja. Yametufurahisha kwa kuwa vitu vizuri vya taa, vya chakula na vya mavazi vingali vikifanywa kisiwani kwetu kwa mikono ya watu wetu. Yametusikitisha kwa kuwa wengi wa wanaovinunua ni wageni na wenye mahoteli, na sisi wenyewe tunapita mbele ya milango ya maduka hayo kama kwamba yaliyomo ndani hayatuhusu.

DESTURI YA ZAMANI

Kupamba nyumba kwa vyombo si jambo geni kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, jinsi kuta za majumba ya Unguja zilivyokuwa na vidaka, na ndani ya vidaka mlikuwa na rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, zikapangwa vyombo bora vya kioo na vya kaure. Alisema pia kwamba watu wa wakati ule hawakujali bei walipoona bilauri iliyochongwa vizuri au sahani yenye nakshi ya kupendeza. Basi kila asemaye kuwa kupenda chombo kizuri ni uzungu, hajui khabari za babu zake.

Walakini kidaka hakikuwa na mlango wala kufuli. Siku hizi tuna kabati la vioo lenye ufunguo. Tuliingia nyumba moja ya Ng'ambo, tukaona sahani za kaure zenye maua ya samawati zimepangwa kabatini kwa ustadi mkubwa. Tukaletewa chakula, Mungu amjaze kheri mwenye nyumba, katika sahani za plastiki zilizokwisha kupauka. Tulipozisifu zile za kabatini, mama yule alituambia kwa fahari kuwa alitunzwa siku ya harusi yake, na kwamba ni za heshima. Zimetimiza miaka ishirini, wala hazijapata kuonja wali. Hatumlaumu, kwani wengi wetu tu hivyo hivyo. Lakini tulijiuliza njiani: ikiwa mgeni si wa kuheshimiwa kwazo, na mume na watoto pia si wa kuheshimiwa kwazo, heshima ile ni ya nani?

TAA

Watu husema kuwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ndilo la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, na umeme nao umetufundisha kuwa si wa kutegemewa peke yake. Umeme wa kisiwa chetu hutoka Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwaka 2008 ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mzima. Kisha tarehe 10 Disemba 2009 ulikatika tena, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Waya wa pili, ulio mkubwa zaidi, ulizinduliwa mwaka 2013. Katika miezi mitatu ile, kandili na vibatari vilivyokuwa vimetupwa uani vilitafutwa kama dawa, na aliyekuwa na karabai nzima alikuwa tajiri wa mtaa. Kwa hiyo neno letu la kwanza juu ya taa ni hili: taa isiyoweza kukuangazia siku ya shida, hiyo ni pambo nusu.

Katika maduka ya Hurumzi tuliona fanusi za shaba zilizotobolewa nakshi, na nyingine zenye vioo vya rangi nyekundu, kijani na samawati. Zikiwashwa jioni, ukuta wote hujaa maua ya nuru. Anayenunua fanusi ya zamani asiitundike mpaka fundi wa umeme amekwisha kuutazama waya wake, kwani majumba yetu ya mawe yana boriti na ngazi za mbao, na cheche moja yatosha kuyateketeza.

Tuliona pia vivuli vya taa vilivyosukwa kwa ukili, vingine vimefanywa kwa umbo la kikapu kilichopinduliwa. Hivi ni rahisi kuliko shaba, na nuru yake ni ya upole, yafaa chumba cha kulala na cha kusomea Qurani usiku. Lakini visitiwe globu za zamani zenye joto kali, kwani majani makavu hushika moto. Zitumike globu za LED. Globu ya wati 6 ya namna hiyo hutoa mwanga unaokaribia wa ile ya zamani ya wati 40, na joto lake ni dogo. Hivyo nyumba husalimika na gharama ya umeme hupungua.

Na huko Kinyasini, Mkoa wa Kaskazini, tangu mwaka 2015 kipo kituo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzia Tilonia, India, mwaka 1972. Wanawake wa vijijini, miongoni mwao mabibi wenye wajukuu na wasiopata kusoma sana, hufundishwa huko kuunganisha na kutengeneza taa za nguvu za jua, kisha hurudi kwao wakawasha nyumba ambazo waya wa umeme haujazifikia. Taa zile hazina nakshi. Hata hivyo sisi tumeziona kuwa ni katika taa nzuri kuliko zote tulizozikuta, kwa sababu mtoto husoma mbele yake bila ya kuvuta moshi wa mafuta ya taa, na aliyezitengeneza ni mama wa kijiji kile kile.

VYOMBO VYA CHAKULA

Hakuna chombo kilichotukusanya kama sinia. Watu sita huketi wakalizunguka, mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, na kila mmoja hula cha mbele yake. Masinia ya shaba ya zamani yangali yakipatikana Mji Mkongwe, na midila ya kahawa pia. Yasafishwe kwa ukwaju au ndimu na chumvi, yatang'aa kama mapya. Walakini mnunuzi aangalie: chombo cha shaba kinachopikiwa au kuwekewa vitu vikali kama ndimu na ukwaju yapasa kiwe kimepakwa bati kwa ndani, kwani ukali huo huila shaba, na shaba ikiingia chakulani hudhuru. Ikiwa bati limekwisha kutoka, chombo kile na kiwe cha kupambia au cha kuandalia vitu vikavu mpaka fundi akipake tena.

Chombo kingine ni kawa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuusia katika Hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillahi kwamba tunapolala tufunike vyombo na tuzime taa. Basi lile kawa la ukili, lenye mistari ya zambarau na kijani, ambalo mabibi zetu walifunikia sinia ya futari, ni pambo na ni kufuata wasia huo pia. Siku hizi mahoteli huyatundika makawa ukutani kama picha, na majumbani mwetu tunafunika wali kwa gazeti.

Upawa wa kifuu cha nazi wenye mpini wa mti ni kitu kingine cha bei ndogo na umbo zuri. Ukisuguliwa vizuri na kupakwa mafuta ya nazi mara kwa mara, hudumu miaka mingi, wala haukwangui sufuria.

Yako pia mambo mapya. Kampuni ya Chako, ya hapa hapa Unguja, hukusanya chupa tupu za mahoteli, zikakatwa, zikasuguliwa, zikafanywa bilauri na taa. Kazi hii yapunguza taka za vioo katika kisiwa chenye nafasi ndogo. Lakini msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: Je, chupa iliyokuwa na ulevi yafaa kunywewa maji? Tunajibu kwa ufupi. Abu Thaalaba al-Khushani alimwuliza Mtume juu ya vyombo vya watu waliokuwa wakinywea ulevi ndani yake, akaambiwa kuwa wakipata vingine wavitumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Na kioo hakinywi kitu. Kikioshwa kwa maji safi mpaka dalili ya najisi ikaondoka, kimetahirika. Ambaye moyo wake haukutulia, na aifanye chupa ile kuwa taa, au amwulize shekhe wake. Wala asimtie ila mwenziwe aliyeitumia baada ya kuiosha.

KAZI ZA MIKONO

Tulipofika Mkoa wa Kusini tulikaa na wasukaji. Majani ya mkindu hukatwa, huanikwa mpaka yakawa meupe, hupasuliwa nyembamba, mengine hupikwa katika rangi, kisha husukwa ukili mrefu. Ukili ule hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka, au msala wa kusalia, au kikapu cha kwendea sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, kikapu kimerudishiwa kazi yake, na mwanamke aingiaye Darajani na kikapu chenye mishipi ya rangi huonekana nadhifu kuliko yule aliyeshika mfuko uliochanika.

Kofia ya kazi ya mkono ni jambo la peke yake. Vitundu vidogo hutobolewa katika nguo na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na mwenye kuishona huifanya baina ya kupika na kulea. Tuseme anashona saa 2 kila siku kwa siku 60: hizo ni saa 120 kwa kofia moja. Msomaji na achukue bei aliyoitoa mara ya mwisho, aigawe kwa saa hizo, kisha ajiulize kama yeye angekubali kufanya kazi kwa ujira huo. Kofia za mashine zifananazo na hizo huuzwa kwa bei ndogo, wala si haramu kuzinunua. Lililo baya ni kumpa mshonaji wa mkono bei ya mashine.

Na kwa mabibi, kabla ya kutafuta mapambo ya mbali, wakumbuke kikuba cha asumini na mrehani. Hufungwa mchana, huvaliwa jioni, kesho hunyauka. Nyumba nzima hunukia, na gharama yake ni ndogo. Bali bangili na vitana vya gamba la ng'amba tunawaonya wasivinunue, kwani mnyama huyo anakaribia kwisha baharini na biashara yake imekatazwa.

MIZANI YA MNUNUZI

Dini yetu haikukataza uzuri. Sura ya Al-Aaraf imewakemea wanaoharimisha mapambo waliyotolewa waja. Iliyoweka ni mipaka. Mpaka wa kwanza ni dhahabu na fedha: kula na kunywa katika vyombo vya madini hayo kumekatazwa kwa wanaume na kwa wanawake. Vyombo vyenye rangi tu ya dhahabu havimo katika katazo hilo. Mpaka wa pili ni israfu, na katika israfu hakuna mbaya kuliko ile ya kukopa. Sherehe huisha siku moja, na deni la vyombo hubaki mwaka. Mpaka wa tatu ni haki ya mfanyaji kazi. Tumewaona watu walipao bei kamili dukani bila neno, kisha wakifika kwa bibi msukaji aliyekaa chini, hubishana naye kwa shilingi elfu moja. Yule wa dukani ana mizani yake, na bibi yule hana ila dhamiri zetu.

Tunamaliza kwa jambo moja. Iko sura fupi katika Qurani ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni mapema, Sura ya Al-Maun, na jina lake limetokana na vitu vidogo vya nyumbani ambavyo watu huazimana. Wafasiri wametaja chungu, ndoo na shoka. Sura hiyo imewatisha wale wanaovizuia. Basi, ewe dada yetu unayetengeneza nyumba yako, nunua sinia nzuri, nunua kawa la rangi, tundika fanusi mlangoni. Kisha jirani akikutumia mtoto kuazima sinia kwa ajili ya arusi au hitima, usimwambie kuwa ni ya kabatini. Mpe. Pengine itarudi na mkwaruzo, na mkwaruzo huo utakuwa shahidi wako.

Mwenyezi Mungu azijaze nuru nyumba zetu, na abariki mikono ya wanaozipamba. Amin.